Shajara ya mradi: wahitimu na primu ya walimu wa koleji yetu, Bukavu 2025

Machi 2025

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya wahitimu wote wa koleji yetu, yaani shule yetu ya sekondari, walioko Bukavu na walioko mbali, ili kila mmoja aweze kufuatilia kazi ya kamati ya wahitimu tangu ilipoundwa, aone kilichoamuliwa na kilicholipwa, bila kulazimika kumuuliza mtu pembeni.

Hali tuliyoanza nayo inajulikana na kila aliye mjini, lakini wenzetu wa Kinshasa, Nairobi, Brussels na Montréal wameisikia kwa vipande tu. Kundi la waasi la M23 lilipoingia Bukavu katikati ya Februari, masomo yalisimama, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege wa Kavumu ukaacha kupokea ndege. Familia nyingi zilivuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, nyingine zikashika njia ya bonde kuelekea Uvira na Burundi. Shule zilipofunguliwa tena, koleji yetu nayo ilifungua, huku madawati mengi yakiwa matupu na wazazi waliobaki wakiwa wamepoteza sehemu kubwa ya kipato chao. Mfanyabiashara hana njia ya kutoa akiba yake benki, mtumishi wa serikali hajui mshahara wake utapitia wapi, na aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la misaada huenda alikuwa ameachishwa hata kabla ya hapo, kwa kuwa Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi wa Januari.

Tulipomwendea Prefe, yaani mkuu wa koleji, kumuuliza koleji inahitaji nini, wengi wetu tulitarajia kusikia habari za paa, vyoo au ukuta. Alitujibu kwa maneno machache: «Wanangu, msiniletee saruji mwaka huu. Nisaidieni walimu wabaki darasani hadi Julai.»

Inafaa nieleze kwa nini alisema hivyo, kwa sababu wengi wetu tulisoma pale miaka sita bila kujua mwalimu wetu aliishi kwa fedha gani. Walimu wa koleji wako wa namna mbili. Wapo walioandikwa katika orodha ya serikali, ambao mshahara wao hupitia benki tangu mfumo huo ulipoanza mwaka 2011. Wapo pia wale wanaoitwa nuveli inite, wanaofundisha saa zilezile na madarasa yaleyale lakini hawajaingia katika orodha hiyo, na baadhi yao wamengoja kwa miaka mingi. Wa namna zote mbili hutegemea primu, yaani fedha ambazo wazazi hulipa ili kumwongezea mwalimu kipato, desturi iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa migomo mirefu ya walimu wa Zaire, wazazi walipokubali kuubeba mzigo huo kwa muda ili watoto wao warudi darasani. Muda huo haujaisha hadi leo. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inahusu shule za msingi. Sekondari bado iko mikononi mwa wazazi. Kwa hiyo benki zinapofungwa na wazazi wanapokosa kipato kwa wakati mmoja, mwalimu aliye katika orodha ya serikali hupoteza njia zote mbili, na nuveli inite hupoteza ile moja aliyokuwa nayo.

Kamati imeamua kwamba fedha zote zitakazochangwa hadi mwisho wa mwaka wa shule zitakwenda kwenye primu ya walimu, wakiwemo walimu wa nuveli inite kwa kiwango kilekile, na kwamba ombi lingine lolote litasubiri. Naona uamuzi huu ni mgumu kuutetea mbele ya wahitimu kuliko ule wa kujenga, kwa sababu anayechangia darasa jipya huliona na kulipiga picha, na jina la promosio yake, yaani wale waliomaliza naye mwaka mmoja, huandikwa ukutani. Primu ya mwalimu huliwa mwezi uleule. Lakini darasa jipya lisilo na mwalimu halimfundishi mtoto yeyote, na mwalimu mzuri wa kemia akishahamia Kamembe au Bujumbura si rahisi kumrudisha.

Aprili 2025

Mwezi huu ulikuwa wa barua. Tulikuwa na rasimu mbili mezani. Ya kwanza ilieleza mateso ya mji kwa kirefu, ikiambatana na picha za wanafunzi, na waliopendekeza walikuwa na nia njema kabisa. Mimi na wenzangu wawili tuliipinga kwa sababu mbili ambazo ninaziandika hapa ili kamati zitakazokuja zizitafakari. Kwanza, wanafunzi wale ni watoto wa watu, na hakuna aliyewaomba ruhusa ya kuzungusha nyuso zao kwenye simu za dunia nzima. Pili, mhitimu aliye ng'ambo hupokea simu za ndugu zake kabla ya kupokea barua yetu. Yeye ndiye anayemlipia mama yake dawa, ndiye aliyemtumia mdogo wake nauli ya kuvuka mpaka, na ndiye anayengojewa kila mwisho wa mwezi. Ukimwandikia kana kwamba hajui shida ya Bukavu, unamkosea heshima, na ukimwomba kiasi kikubwa atanyamaza kwa aibu, nawe utadhani ameisahau koleji.

Rasimu ya pili, iliyokubaliwa baada ya majadiliano marefu, ni fupi. Naiweka hapa yote (ekonomo anayetajwa humo ni mtunza fedha wa koleji):

«Ndugu yetu mpendwa, tunakuandikia sisi tuliomaliza masomo pamoja nawe. Koleji imefungua, lakini walimu wake hawajapata primu tangu Februari. Tunaomba dola 5 kwa mwezi hadi Julai, zilipwe kwa walimu na si kwa kitu kingine chochote. Kila mwezi utapokea hesabu iliyotiwa sahihi na ekonomo pamoja na mwakilishi wa walimu. Ikiwa mzigo wa familia haukuruhusu, tunaelewa, na tunaomba utuandikie tu kwamba barua imekufikia.»

Sentensi ya mwisho ilizua ubishi, kwa kuwa baadhi ya wajumbe waliona tunampa mtu mlango wa kutokea hata kabla hajaingia. Hata hivyo majibu yametuonyesha faida yake. Wengi walioandika kwanza kwamba hawawezi, waliandika tena baada ya wiki chache wakiuliza kama wanaweza kutoa mara moja tu, au kutoa kwa niaba ya rafiki aliyefariki. Mtu aliyejibu amekwisha kurudi katika mazungumzo, na huyo ni rahisi kumwandikia tena kuliko yule aliyenyamaza.

Jambo jingine tuliloamua ni kwamba barua isitoke kwa kamati. Kila promosio imechagua mjumbe wake, na mjumbe ndiye anayetia jina lake chini ya barua na kuituma kwa watu aliosoma nao, mmoja baada ya mwingine, si kwa kuitupa katika kundi la WhatsApp ambamo kila mtu hudhani jirani yake atajibu. Kazi hii ni ya polepole na inachosha. Lakini anayeombwa na mtu aliyeketi naye dawati moja, aliyeazima daftari lake la jiografia na kuadhibiwa pamoja naye, hujibu kwa namna ambayo kamati yenye mhuri haiwezi kuipata.

Mei 2025

Fedha zimeanza kuahidiwa, na sasa swali ni jinsi ya kuzifikisha. Sehemu hii naiandika kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyokula nguvu nyingi zaidi, na kwa sababu tumeulizwa na watu wa shule nyingine za mji.

Njia ya benki haipo. Njia ya simu ipo, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi, lakini wakala hana noti za kutosha, na akiwa nazo hukata sehemu kubwa kabla ya kukupa zako. Noti za faranga zenyewe zimechakaa kwa kuzunguka mjini bila mpya kuingia, na wauzaji wengi sokoni huzikataa. Kuvuka Ruzizi kwenda Kamembe kupokea fedha zilizotumwa kutoka Ulaya kunawezekana, na watu wengi wa mji hufanya hivyo kwa mahitaji ya nyumbani, lakini kamati ilikataa katakata kumtwisha mtu mmoja fedha za walimu wote na kumpitisha nazo mpakani.

Njia tuliyoichagua ilipendekezwa na mhitimu mmoja mwenye duka Nyawera, hapa mjini, ambaye huagiza bidhaa zake Nairobi. Anahitaji kumlipa muuzaji wake wa Nairobi, na sisi tunahitaji fedha Bukavu. Kwa hiyo wahitimu wa Kenya na wa Ulaya hukusanya michango yao kwa mweka hazina wao, naye humlipa muuzaji yule moja kwa moja. Mwenye duka, akishapata uthibitisho, humkabidhi ekonomo kiasi kilekile mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kamati na mmoja wa walimu. Hakuna senti inayokatwa njiani. Tumeweka kikomo cha kila mwezi ili biashara yake isiingie katika hatari kwa ajili yetu, na tumekubaliana kwa maandishi kwamba bidhaa zikikwama barabarani, hasara yake haiigusi koleji, wala hasara ya koleji haimgusi yeye. Walioko Kinshasa na Lubumbashi hutuma kwa simu, na walimu wanaopokea kwa njia hiyo wameomba wenyewe zibaki kwenye simu, kwa kuwa maduka kadhaa ya Ibanda na Kadutu yanakubali malipo ya namna hiyo kwa unga, mchele na mafuta, na hivyo wanaepuka kukatwa na wakala.

Daftari la michango tumelichukua kwa dada zetu. Wahitimu wanawake wanaofanya biashara katika soko la Kadutu wana likelemba yao, yaani mchango wa kupokezana, na wamezoea kuendesha fedha za watu wengi bila karani na bila ofisi: jina, kiasi, tarehe, sahihi ya anayetoa na ya anayepokea, na kila mmoja ana haki ya kulifungua daftari wakati wowote. Tuliwaomba watuongoze, na mmoja wao sasa ndiye mweka hazina wa mji. Naandika hili kwa shukrani, kwa sababu wanaume wa kamati tulikuwa tumeanza kuzungumzia katiba, mihuri na nyadhifa, naye akatuuliza kwa upole walimu watalipwa lini.

Walimu nao walikuwa na sharti. Mwakilishi wao, mwalimu wa hisabati aliyewafundisha baadhi ya wajumbe wa kamati, alituambia kwamba hawatapokea bahasha ya huruma. Walitaka walipwe kwa saa walizofundisha, katika karatasi ileile ambayo ekonomo huitumia siku zote, na asiyefundisha asilipwe. Tulikubali mara moja. Majina yao hayatatajwa katika shajara hii wala katika hesabu zinazotumwa nje.

Juni na Julai 2025

Primu ya miezi miwili ya mwisho imelipwa, ingawa haikufika kiwango kamili ambacho wazazi walikuwa wakilipa kabla ya Februari. Hesabu zimetumwa kwa wajumbe wa promosio. Walimu waliokuwa wakifikiria kuondoka walibaki hadi mwisho wa masomo. Mmoja aliondoka kwa sababu za usalama wa familia yake, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Msaada mwingine ulitokea bila kuombwa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamepoteza wiki nyingi za masomo, na Mtihani wa Serikali hauangalii nani alikuwa Bukavu mwaka huu: kuna insha na mitihani ya mdomo na ya vitendo mapema, kisha siku nne za maswali ya kuchagua majibu, kuanzia utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, hadi masomo ya tawi la mwanafunzi. Wahitimu wanaofundisha au kusoma katika vyuo vya mji walijipanga kuja kila Jumamosi kuwapitisha vijana katika maswali ya miaka iliyopita. Mhandisi mmoja alikuja na wanafunzi wake wa chuo kikuu, wakagawana meza, kila mmoja na kikundi kidogo. Wengi wa hawa ni vijana ambao wasingeweza kutoa dola 5, na walikuwa wakiepuka kuonana na wajumbe kwa sababu hiyo. Kamati imeamua kwamba saa za kufundisha zitaandikwa katika daftari lilelile, katika safu yake, kwa hadhi sawa na fedha.

Agosti 2025

Tulirudi katika mjadala niliouona unakuja tangu Machi. Kundi la wahitimu wa Ulaya, ambao wametoa kwa ukarimu na bila kuchelewa, waliandika kwamba wangependa sasa kununua kompyuta kwa ajili ya chumba kimoja, ili koleji ipate kitu cha kudumu kutokana na mwaka huu. Barua yao ilikuwa ya heshima, na hamu yao naielewa. Mtu aliye mbali hutaka kufikiria mahali penye kitu alichokiacha.

Tuliwajibu kwa hoja, si kwa kukataa tu. Umeme wa mji hukatika kwa saa nyingi, na chumba cha kompyuta kingehitaji paneli za jua na betri ambazo gharama yake inazidi ya kompyuta zenyewe. Kitu cha thamani kilichowekwa katika shule wakati huu kinahitaji mlinzi, na mlinzi anahitaji kulipwa. Zaidi ya hayo, Septemba inakuja, wazazi bado hawajarudi katika hali yao, na walimu walewale watauliza kama primu itaendelea. Tulipendekeza kwamba fedha hizo ziwe akiba ya primu ya muhula wa kwanza, na kwamba ombi la kompyuta liandikwe la kwanza katika orodha ya mambo yatakayofuata. Baada ya kuwaza wiki nzima walikubali, wakaongeza sharti moja ambalo ni zuri: kila mwezi mwalimu mmoja, akipenda, awaandikie ukurasa mmoja kuhusu alichofundisha. Ukurasa wa kwanza uliotumwa ulieleza jinsi ya kufundisha shinikizo la maji kwa kutumia Ziwa Kivu na gesi ya methani iliyo ndani ya kina chake, na nimesikia umesomwa kwa sauti mezani katika nyumba zaidi ya moja kule Brussels.

Oktoba 2025

Mwaka mpya wa shule ulianza Septemba, na idadi ya wanafunzi imepanda kidogo kwa sababu baadhi ya familia zimerudi. Benki bado zimefungwa. Mpango wa Nyawera unaendelea, ila kikomo chake hakitoshi tena, na tunatafuta mfanyabiashara wa pili, ikiwezekana yule anayeagiza Kampala.

Katika mkutano wa mwezi huu, mzee wetu mmoja wa promosio ya 1994 aliomba kusema. Aliwakumbusha vijana kwamba mwaka aliomaliza yeye, wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika shule za Bukavu, na kwamba wakati huo primu ilikuwa jambo jipya ambalo wazazi waligombana juu yake. Mama yake, aliyekuwa akiuza unga wa muhogo, alilipa primu hiyo kwa awamu, na siku moja aliporudi bila kitu, ekonomo wa wakati huo alimwandikia mtoto kuwa amelipa, kwa sababu mhitimu fulani alikuwa ameacha fedha kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Mzee hakuwahi kumjua mhitimu yule. Alisema hivyo bila kuinua sauti, kisha akaongeza kwamba promosio yake italipa mara mbili ya sehemu yake hadi Juni. Nimeliweka jambo hili hapa kwa sababu linajibu swali ambalo wajumbe huulizwa mara nyingi, kwamba wahitimu wa zamani sana wanahusika vipi na koleji ambayo hawaifahamu tena. Miaka ya 1996, 1998 na 2004 nayo ilikuwa migumu katika mji huu, na koleji iliivuka kwa sababu kulikuwa na watu waliolipa walimu wake.

Novemba 2025

Mambo yaliyobaki ni haya. Promosio kadhaa za baada ya 2015 hazina mjumbe bado, na vijana hao wengi wako hapahapa mjini bila kazi. Tutawaomba Jumamosi za kufundisha kabla ya kuwaomba fedha. Sehemu ya dola 5 itaendelea, na kwa walioko Bukavu imepunguzwa kuwa kiasi chochote katika faranga, kwa kuwa mama mmoja wa Bagira aliyetoa kidogo kila mwezi bila kukosa ametusaidia kupanga bajeti kuliko ahadi kubwa zisizo na tarehe. Ekonomo ameomba tuandae pia chaki na karatasi za mitihani ya muhula kabla ya Krismasi, nasi tumekubali kwa sharti kwamba zinunuliwe kwa fungu tofauti na primu isiguswe. Mkutano na walimu utafanyika kabla ya likizo, na hesabu ya Septemba hadi Novemba itafika kwa wajumbe wote ikiwa na sahihi mbili. Mjumbe ambaye hajaipata amwandikie mweka hazina moja kwa moja.